Jumlisha Iliyopotelea Njiani

Jumatatu, 3 Februari

Sitiveni, ulisema niandike, ili ukirudi kutoka kwenye machungwa ya watu huko Australia usome mambo ya mtoto yaliyokupita. Haya, naanza. Heneli hana jino hata moja lakini anatafuna kila kitu: kamba ya kiatu, kona ya Biblia ya mama yako, kidole changu. Mvua tangu asubuhi.

Jingine ni kwamba dada yako aliniita shuleni anakofundisha. Nilidhani ni habari za mtoto, maana yeye ndiye shangazi na neno lake juu ya Heneli ni zito kuliko langu na lako. Kumbe ni kazi.

"Ule ukurasa wa mtandaoni wa bendi ya kanisa uliutengeneza wewe?"

"Ndiyo, Wifi."

"Kwa kitu gani?"

"PHP, Wifi."

"Basi kaa."

Anataka watoto wa kidato cha tano wafanye mazoezi ya aljebra kwenye simu na wasahihishwe papo hapo. Kompyuta ya shule ina programu ya hesabu, inaitwa Maxima. Aljebra inaijua kuliko walimu wote, ila haijui kuongea na simu za watoto. PHP, lugha ya kompyuta ninayoandikia kurasa, inajua kuongea na simu, ila hesabu zake ni za kutoa chenji dukani. Mimi niwe mshenga wao.

"Wifi, mimi shule niliishia hicho hicho kidato cha tano."

"Najua. Nilikufundisha mimi. Unaanza kesho, na mtoto uje naye."

Nimerudi nyumbani natabasamu peke yangu barabarani kama kichaa.

Alhamisi, 6 Februari

Maxima haijibu. Heneli naye hanyamazi.

Jumanne, 11 Februari

Imejibu! Kumbe haianzi kuhesabu mpaka uitie nukta mkato mwishoni. Siku zote hizi nilikuwa naipa swali, mimi nasubiri, yenyewe inasubiri, kama wageni waliokaa mbele ya chakula cha umu, jiko letu la shimoni, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ataongoza sala.

Usahihishaji wenyewe unapendeza. Ukurasa wangu unachukua jibu la mtoto, unaipelekea Maxima na kuiambia: toa jibu hili kwenye jibu la mwalimu. Ikibaki sifuri, mtoto amepata, hata kama ameandika kwa mtindo wake mwenyewe. Sifuri ndiyo furaha. Nilimwambia Heneli, akanicheka.

Sasa, Maxima isipoelewa kilichoandikwa, je? Nikafikiri kidogo, nikaandika: kisichoeleweka, ni kosa. Ni mstari mmoja tu. Nilijiuliza, ni nani mwingine atakosea, mashine?

Alhamisi, 20 Februari

Bahari mbaya. Watoto wa visiwa vya nje walienda kwao Ijumaa, na waliorudi ni wachache. Kati ya waliorudi yuko Vaimoana wa kisiwa cha Motulahi, ana miaka kumi na mitano, mrefu, anatembea kama anaomba njia. Alikuja mezani kwangu kumchezea Heneli. Watoto wananiita mwalimu, nami sijawakataza.

"Mwalimu Meli, mazoezi ya wikiendi kule kwetu nitafanyaje? Mtandao wa Motulahi ni kama kuku wa jirani. Ukiuita hauji, ukiusahau uko mlangoni."

Nilicheka mpaka Heneli akaamka. Kisha nikafanya kazi mchana kutwa. Sasa mtoto asipokuwa na mtandao, majibu yanakaa kwenye simu yake, na kuku akija, simu yenyewe inayafunga kwenye anwani ya ukurasa na kuyatuma. Ufungaji huo nimeuandika mwenyewe, neno kwa neno, bila kuuliza mtu. Vaimoana alinibusu shavuni. Anataka kubaki bwenini kwa darasa la mtihani. Wifi atachagua wa kubaki mwisho wa muhula, na atachagua kwa mazoezi haya. Asiyechaguliwa anarudi kwao moja kwa moja.

Nimejisikia mtu wa maana leo. Uniwie radhi kwa kujisifu, Sitiveni.

Jumapili, 2 Machi

Kanisa, chakula cha lu, usingizi, kanisa. JINO! La chini, kushoto. Limenichoma kidole nikapiga kelele katikati ya ombi la mchungaji.

Jumatano, 5 Machi

Wifi alisoma matokeo ya mazoezi ya wikiendi mbele ya wazazi, ukumbini. Wa mjini wako juu, na wa visiwa vya nje wote wako chini, wamelala safu moja kama samaki jikoni.

"Nisiseme kwa kuficha," Wifi akasema, na unajua akivua miwani hakuna anayekohoa. "Wa mjini wakienda nyumbani wanasoma. Wa visiwani wakienda nyumbani wanaogelea."

Ukumbi ukacheka. Baba yake Vaimoana, yule Maka mwenye mabega, alikuwa amekaa nyuma na ta'ovala yake mpya, mkeka wa heshima, kiunoni. Alivaa vizuri kwa ajili ya mkutano. Alitazama mikono yake.

Nilimfuata Vaimoana nje nikamwambia kwa sauti laini, ile ninayombembelezea Heneli: "Mdogo wangu, si kila mtu ni wa aljebra. Mama yako anasuka mikeka inayogombaniwa mpaka mji mkuu, Nuku'alofa. Hiyo nayo ni akili."

"Asante, Mwalimu Meli," akasema.

Nilijiona nina huruma.

Ijumaa, 14 Machi

Upepo. Boti ya visiwani imechelewa mpaka jioni. Vaimoana alikuja nyumbani kunisaidia kufua nepi, na kamba yote ilipojaa akaniomba: "Nionyeshe tu ninapokosea. Nikijua nitaacha."

Akanionyesha swali na jibu lake, tatu x jumlisha tano. Nililitazama. Kwa macho yangu lilikuwa sawa. Lakini nikajiambia, mimi nani mbele ya Maxima? Nikamwambia alirudie taratibu. Alikaa kwenye ngazi na kulirudia taratibu, Heneli mapajani, akapata tatu x jumlisha tano.

"Rudia tena," nikasema. Akarudia tena.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mtandao ulikatika hata hapa mjini kwa upepo. Nikasema niujaribu ukurasa kama mtoto wa kisiwani. Nikajibu lile swali la Vaimoana kwenye simu yangu, tatu x jumlisha tano, likakaa. Alasiri mtandao ukarudi, jibu likaenda lenyewe. Kosa.

Nikaenda shuleni mbio, mtoto mgongoni, nikaamuru ukurasa unionyeshe kile hasa ambacho Maxima inapokea. Tatu x, halafu nafasi tupu, halafu tano. Katikati hakuna kitu. Pengo, kama la ufizi wa Heneli.

Ndipo nikasoma, na nilichosoma kinajulikana na kila anayefanya kazi hii kwa kusomea. Alama ya kujumlisha ikipita ndani ya anwani ya ukurasa bila kufungwa kwa namna yake, upande wa pili inasomwa kuwa nafasi tupu. Wa mjini wanapobonyeza kitufe, simu inaifunga yenyewe. Wa visiwani walifungiwa na mimi, kwa mkono wangu, na mimi sikujua. Jumlisha zao zote zilidondoka njiani. Maxima ilipoona kitu isichokielewa ilisema haielewi. Na mstari wangu ukatafsiri: kosa.

Walikuwa hawaogelei, Sitiveni. Walikuwa wanasoma.

Nilikuwa nimeshika kitufe nirekebishe, mlinzi akaja kufunga geti.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya kutogusa kazi. Nilikaa kanisani na Heneli mapajani, najua kwamba mtandao wa Motulahi ukifika leo, majibu ya jana yatajituma yenyewe, yatafika shuleni penye giza na kupigwa kosa moja moja, huku mimi naimba sauti ya pili.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerekebisha. Ni neno moja tu. Nimejaribu mara nyingi na jumlisha inafika salama.

Sijamwambia mtu. Majibu ya zamani yapo yote, ningeweza kuyapitisha upya leo hii, lakini Wifi angeona na angeuliza, na yeye alishasema yale mbele ya wazazi. Nikajiambia kuanzia leo ni haki kwa wote, inatosha. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na mvua ikaninyeshea vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Jino la pili.

Jumatano, 26 Machi

Leo nitaandika hata kama sitaki usome.

Wifi aliniita ofisini. Vaimoana alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Hebu mwone huyu," Wifi akasema. "Mwezi mzima anakosa. Ghafla wiki hii hakosi. Na wenzake wa visiwani wote ghafla hawakosi. Mvua imewanyeshea akili?"

"Nimejitahidi, Mwalimu," Vaimoana akasema.

"Hujaulizwa. Meliame, majibu ya mwalimu yako wapi?"

"Kwenye kompyuta yangu, Wifi."

"Huyu anakuja kwako nyumbani. Si ndiyo? Anashika mtoto, anafua. Alishika kompyuta yako?"

Hapo, Sitiveni. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, lina ladha kama ya chuma. Vaimoana aligeuka kunitazama bila hofu hata kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake afungue mlango anaoujua.

Nikasema: "Sijui, Wifi. Mimi nilikuwa nambembeleza mtoto."

Nilisema hivyo, na nikasikia nikisema.

Wifi akavua miwani. "Umenijibu vya kutosha."

Vaimoana hakulia. Alinitazama muda mdogo tu, kisha akatazama chini, alivyofanya baba yake siku ile ukumbini.

Ijumaa, 28 Machi

Wifi amemfukuza Vaimoana, naye ameondoka na boti ya mchana. Nilikuwa gatini nanunua samaki, au nilijiambia nanunua samaki. Alikuwa na mkeka wake umeviringishwa na furushi la nguo. Alipopita hakunisalimia. Alisimama, akambusu Heneli utosini, akashuka kwenye boti.

Heneli akanyoosha mkono akaita, "Va!" Neno lake la kwanza. Nilikuwa nimeweka nafasi kwenye daftari hili kwa ajili ya siku hiyo, niiandike kwa wino mwekundu.

Jumapili, 30 Machi

Ulipiga simu. Ukasema, "Mbona sauti yako iko hivyo, mama Heneli?" Nikasema ni meno ya mtoto, sijalala. Ningekuambiaje? Ni habari ya dada yako, na wewe hata chumba kimoja naye huwezi kukaa mkitazama filamu kwa jinsi kaka na dada kwetu mnavyoheshimiana. Ningelitia sikioni mwako neno la kumvunjia heshima, ungeliweka wapi?

Lakini huo nao ni uongo. Si dada yako niliyekuwa namficha.

Jumanne, 1 Aprili

Sili. Maziwa yanapungua, na Heneli anayavuta kwa hasira. Hata yeye nimemwibia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta Wifi nyumbani kwake, anachambua majani ya kusukia. Nilikaa chini karibu na mlango, si kwenye mkeka. Nikaeleza yote, jumlisha, pengo, mstari wangu, na kwamba Vaimoana hakushika kitu. Mikono yake ilisimama.

"Tangu lini unajua?"

"Kabla hujamwita ofisini, Wifi."

"Na ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama pale."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akaanza tena kuchambua, kwa haraka. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iishie hapa. Nitamrudisha. Nitasema nimemsamehe."

Nikainamisha kichwa. Nilishukuru hata. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mguu mmoja kwenye kiatu, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Wifi, atasamehewa nini?"

"Unasemaje?"

"Hakufanya kitu. Akisamehewa, atakuwa amefanya."

"Meliame. Unajua unaongea na nani?"

"Na shangazi wa mwanangu. Ndiyo maana ninaogopa. Lakini kesho kutwa naenda Motulahi na majani shingoni, kuomba radhi kama mila inavyotaka. Nitasema kosa langu tu. La kwako silijui na silitaji."

"Kwa boti gani na bahari hii? Na mtoto je?"

"Nitambeba."

"Toka," akasema. Nikatoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeyapitisha majibu yote ya zamani kwenye Maxima upya. Nimeyaweka kwenye simu. Mama yako alinikuta nachuma majani ya mti wa ifi nyuma ya nyumba, akaona ninachosokota. Hakuuliza. Alienda ndani akaniletea mkeka wake wa kiunoni ulio mbovu kuliko yote, ule uliochanika ubavuni, wa kuombea radhi, akauweka karibu nami.

Jumamosi, 5 Aprili

Gatini, kwenye boti, chini ya turubai, alikuwa amekaa mtu mwenye mkeka uliochakaa kuliko wangu. Nilidhani ni bibi wa visiwani. Akainua uso, na alikuwa dada yako.

"Sogeza mtoto asilowe," akasema.

Nikakaa. Mawimbi yalipotupokea akanishika mkono, nadhani kwa ajili ya mawimbi.

"Habari za kuogelea nilisema mimi," akasema akitazama maji. "Niliyaamini hata kabla ya jumlisha yako. Mashine ilinionyesha nilichokuwa nataka kuona, sikuuliza mara mbili. Wewe utasema lako, mimi langu. Jumatatu nitalirudia ukumbini. Na usilie, utamtia mtoto baridi."

Nyumba ya Maka iko juu ya mteremko. Tulijivika majani shingoni, tukakaa chini kwenye matope nje ya ua, vichwa vimeinama, tukingoja wenye nyumba watuvue. Mkuu wa hesabu wa shule nzima, kwenye matope. Majirani walitoka kutazama wakarudi ndani, maana jambo hilo halitazamwi. Ndani hakuna aliyetoka. Mvua ikaja, ikapita, ikarudi. Nilisikia sufuria, nikasikia Maka akisema kitu kwa sauti ya chini, na mkewe Toakase akijibu, "Wakae." Tukakaa.

Aliyetutoa pale ni Heneli. Alikuwa amevuta jani kutoka shingoni mwangu, analitafuna kwa meno yake mawili, anakunja uso kwa uchungu wake, halafu analitafuna tena. Mlango ukafunguka. Miguu ya mwanamke ikasimama mbele yetu.

"Na huyu," Toakase akasema, "huyu naye amekosa nini?"

Akamtoa jani mdomoni. Kisha akanivua majani mimi, kisha akamvua Wifi, na mikono yake haikuwa laini. "Ingieni. Mmelowa kama mbwa."

Tulisema ndani. Mimi kwanza, mbele ya Vaimoana, mpaka lile la ofisini: kwamba niliulizwa nami najua, nikasema sijui. Wifi akasema lake. Maka alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi siku ile nilirudi nikamchapa. Kwa kuogelea." Akatoka akaenda kusimama kwenye mvua yeye mwenyewe.

Vaimoana akaja akakaa karibu nami, si karibu sana.

"Lile la kwenye ngazi. Uliloniambia nirudie."

"Lilikuwa sahihi."

"Nililirudia."

"Mara zote lilikuwa sahihi."

"Soma yote," akasema. "Moja moja. Tangu Februari."

Nikafungua simu nikasoma. Swali, jibu lake, halafu sahihi. Swali, jibu, sahihi. Mama yake aliacha kusuka. Wifi alifumba macho. Nilisoma mpaka sauti ikakauka, na kila nikisema sahihi Vaimoana alitikisa kichwa kidogo, bila furaha, kama mtu anayepokea vyombo vyake vilivyoazimwa bila ruhusa. Kisha nikafika kwenye moja nikasita.

"Hiyo je?"

"Hiyo... hiyo ulikosea."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli. Uligawa upande mmoja, wa pili ukausahau."

Akanyakua simu, akatazama. "Ala! Kweli nimeusahau!" Akacheka, Sitiveni, akacheka mpaka akashika tumbo, kwa lile moja lililokuwa lake kweli.

Sikuthubutu kucheka naye. Nilimpa Heneli amshike. Alimpokea.

Jumatatu, 7 Aprili

Wifi alivua miwani ukumbini akasema yote. Hakuna aliyekohoa. Nami nikasimama nikasema langu mpaka mwisho. Kuna wazazi ambao sasa hawanisalimii, na wana haki.

Vaimoana amekuja na boti ya asubuhi. Kitanda chake cha bweni kipo, na jina lake Wifi ameliandika kwa darasa la mtihani mbele ya wote. Kwangu nyumbani hajaja bado. Sijamwita. Ni juu yake.

Nimefuta ule mstari. Maxima isipoelewa, ukurasa hausemi tena kosa. Unasema: Sijakuelewa, niandikie tena. Mchana nilimwona kupitia dirisha la darasa, ameandika makusudi upuuzi mtupu kwenye simu yake, ameusoma ukurasa unavyojibu, kisha akafuta, akaandika upuuzi mwingine, aone kama utamjibu vile vile.

Ukamjibu vile vile.

Kurasa hizi sitazikunja kukuficha, Sitiveni. Ukirudi soma zote, na lile la ofisini, la Machi, lisome mara mbili.